Binti Yetu ni Mmarekani: Je, Chuo Kikuu cha Kanada Kitatupunguzia Gharama?

Swali: Mimi na mume wangu tulitoka Kisii, na tumeishi Brooklyn Park, Minnesota, kwa miaka 19. Binti yetu alizaliwa hapa, ni raia wa Marekani, na yuko mwaka wa mwisho wa shule ya upili akiwa na alama nzuri. Anataka kusoma uuguzi au baiolojia. Kanisani tunaambiwa kwamba vyuo vikuu vya Kanada ni nusu ya bei ya hapa, na shangazi yake aliyeko Toronto yuko tayari kumpa chumba bure. Mimi ni muuguzi msaidizi na mume wangu anaendesha lori lake mwenyewe. Kwa pamoja tunaingiza kama dola 88,000 kwa mwaka. Tumpeleke chuo gani?

Jibu:

Mama, sehemu kubwa ya jibu lako imo katika anwani ya nyumba yenu, kabla hata hatujalifikia jina la chuo. Hiyo habari ya nusu bei ni ya kweli kwa Mkanada, na ni ya kweli kwa Wamarekani wachache walio katika hali fulani, ambao kwa bahati ninyi mnaweza kuwa miongoni mwao. Lakini haimhusu kila Mmarekani. Mkilifungua jedwali la karo la chuo kikuu chochote cha Kanada mtakuta bei ya mwanafunzi wa nyumbani, na kando yake bei ya mwanafunzi wa kigeni, ambayo kwa kawaida huwa mara tatu, nne au hata zaidi ya ile ya kwanza. Pasipoti ya Marekani haimwondoi mtoto katika bei hiyo ya pili. Binti yenu angelipa sawasawa na mwanafunzi aliyetoka Lagos au Seoul, ingawa yeye angefika kwa gari na wale kwa ndege.

Ndiyo maana nianze kwa kuliondoa wazo la Toronto, hata kama linapendeza kwa sababu ya shangazi. Karo ya mwanafunzi wa kigeni katika Chuo Kikuu cha Toronto, kwa masomo ya kawaida ya sanaa na sayansi, imepita dola 60,000 za Kanada kwa mwaka. Chumba cha bure kwa shangazi kinaweza kuwaokolea labda dola 15,000 za kodi na chakula, kwa hiyo mtakuwa mmeokoa kidogo upande mmoja huku mkivuja sana upande wa pili. Isitoshe, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na hapa tunazungumzia miaka minne. Mkaazi wa Vancouver atawaambia mambo yayo hayo kuhusu Chuo Kikuu cha British Columbia. Vyuo hivi ni vizuri sana, na kwa familia inayolinganisha na chuo cha binafsi cha Boston chenye bei ya dola 90,000 za Marekani, Toronto ni nafuu kweli. Lakini ninyi hamlinganishi na Boston. Mnalinganisha na Chuo Kikuu cha Minnesota, ambako mkaazi wa jimbo anatozwa karo inayozidi kidogo dola 16,000 za Marekani katika kampasi ya Minneapolis, huku akilala kwenu na kula ugali wa nyumbani.

Sasa nirudi kwenye anwani. Minnesota ina makubaliano ya karo na majirani zake: Wisconsin, Dakota zote mbili, na, jambo ambalo hata washauri wengi wa shule za upili hawalikumbuki, jimbo la Manitoba la Kanada. Kwa makubaliano hayo, mkaazi wa Minnesota aliyekubaliwa katika chuo cha umma cha Manitoba hutozwa karo ya mwenyeji badala ya ile ya mgeni. Sikiliza vizuri neno mkaazi: kinachotazamwa hapa ni makazi yenu Minnesota. Familia ya Kisii iliyoko Dallas au Seattle, yenye pasipoti ileile na mtoto mwenye alama zilezile, haipati kitu hiki. Majina ya kuangalia ni Chuo Kikuu cha Manitoba na Chuo Kikuu cha Winnipeg, vyote viwili katika mji wa Winnipeg, na Chuo Kikuu cha Brandon kilichoko magharibi zaidi. Kutoka kwenu mpaka Winnipeg ni mwendo wa takriban saa saba kwa gari: mnashika barabara kuu ya 94 hadi Fargo, kisha ya 29 moja kwa moja kuelekea kaskazini hadi mpakani Pembina. Na ile baridi ya Winnipeg inayowatisha wageni haitamshangaza msichana aliyesubiri basi la shule mwezi wa Januari huko Brooklyn Park.

Hebu tupige hesabu pamoja, kwa makadirio, kama mnavyoweza kuifanya wenyewe mezani usiku watoto wakishalala. Chukulieni karo ya mwenyeji katika sayansi kuwa dola 6,000 za Kanada kwa mwaka, bweni na chakula dola 14,000, bima ya afya 1,200, vitabu, nauli na mengineyo 2,300. Jumla ni dola 23,500 za Kanada. Dola ya Kanada kwa miaka ya karibuni imekuwa ikibadilishwa kwa takriban senti 70 hadi 75 za Marekani. Tukitumia senti 72, hizo ni kama dola 16,900 za Marekani, kila kitu kikiwamo. Sasa badilisheni mstari mmoja tu, mweke karo ya mgeni, tuseme dola 22,000, na jumla inaruka hadi 39,500 za Kanada, yaani karibu 28,400 za Marekani. Mstari huo mmoja, ukizidishwa kwa miaka minne, ni tofauti ya zaidi ya dola 46,000 za Marekani. Kwa hiyo msilipe hata senti ya kushikilia nafasi kabla ofisi ya usajili ya chuo husika haijawaandikia kwa barua pepe mambo matatu: kwamba kozi aliyoichagua binti inaingia katika makubaliano ya Minnesota, fomu ipi inajazwa na kabla ya tarehe gani, na kama inabidi ijazwe upya kila mwaka. Maneno ya simu hayatoshi. Aliyewajibu leo anaweza kuwa amehamia idara nyingine kufikia Agosti.

Sehemu ya bima niliyoiweka katika hesabu hiyo inahitaji neno. Manitoba iliacha kuwapa wanafunzi wa kigeni bima ya afya ya jimbo mwaka 2018, na makubaliano ya karo hayambadilishi binti kuwa Mkanada mbele ya hospitali, kwa hiyo atanunua bima kupitia chuo. Saskatchewan, jimbo jirani, huwapa wanafunzi wa kigeni bima yake, na ndiyo moja ya sababu ninazowatajia Wamarekani wasio wa Minnesota vyuo vikuu vya Regina na Saskatchewan, ambavyo karo yake ya kigeni ni ndogo kuliko ya Toronto kwa mbali.

Hapa niingize onyo dogo kuhusu orodha za vyuo nafuu mtakazozikuta mtandaoni. Nyingi bado zinakitaja Chuo Kikuu cha Memorial cha Newfoundland kuwa rahisi kuliko vyote, na zamani ilikuwa kweli, kwa kuwa mgeni alilipa kama dola 11,000 za Kanada. Mwaka 2022 bei ya wanafunzi wapya wa kigeni ilipandishwa hadi kama 20,000. Quebec nayo, kuanzia 2024, iliweka kiwango cha chini cha karo ya wageni cha takriban dola 20,000. Orodha isiyoonyesha mwaka wa masomo iacheni. Fungueni ukurasa wa karo wa chuo chenyewe, na msome pia ongezeko la kila mwaka, kwa sababu anayeingia kwa bei fulani hana hakika ya kuhitimu kwa bei hiyohiyo.

Baada ya karo linakuja jambo ambalo familia nyingi huligundua wakati wameshachelewa: ni pesa gani za Marekani zinazovuka mpaka na mtoto, na ni zipi zinazobaki nyuma. Ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa familia zenye kipato kidogo, haivuki. Haitolewi kabisa kwa masomo ya shahada katika chuo cha nje. Kazi za chuoni zinazolipiwa na serikali kuu nazo hazivuki, wala misaada ya jimbo la Minnesota yenyewe haimfuati huko. Kinachovuka ni mkopo wa moja kwa moja wa serikali kuu, endapo chuo kimo katika orodha ya vyuo vya nje vilivyoidhinishwa. Mnajaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali kuu, kama kawaida na kuandika nambari ya chuo, ambayo kwa vyuo vya nje huanza kwa herufi G. Kwa mtoto anayetegemea wazazi, mkopo huo ni dola 5,500 za Marekani mwaka wa kwanza, 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kwa kila mwaka unaofuata. Mzazi naye anaweza kuomba mkopo wa PLUS, lakini sheria iliyotiwa saini Julai 2025 imeweka kikomo kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026: dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na zisizidi 65,000 kwa jumla. Mimi binafsi siwashauri mwuguse mkopo huo wa mzazi kwa ajili ya shahada ambayo jirani wa Minnesota anaipata kwa bei ya chini. Akiba ya akaunti ya 529, ile ya kuwekea pesa za masomo, kama mnayo, inatumika bila adhabu katika chuo cha nje kilichomo katika orodha ileile.

Mkopo wa moja kwa moja una masharti yake kwa mwanafunzi wa nje, na lililo baya zaidi ni la masomo ya mtandaoni. Niliwahi kumshauri kijana mmoja aliyekuwa katika mwaka wake wa pili, ambaye alichagua somo moja la mtandaoni kwa sababu ratiba ya maabara iligongana na kazi yake. Somo moja tu. Chuo kilipokagua ratiba yake kilisimamisha mkopo wa mhula mzima, na mama yake akalazimika kukopa katika chama cha akina mama ili kijana asifukuzwe bwenini. Wanafunzi wa Kanada wanaoketi karibu naye darasani hawana sharti hilo, kwa hiyo hakuna rafiki atakayemkumbusha. Mwambieni binti aweke jambo hili kichwani kila anapojisajili.

Sasa uuguzi. Najua kwa nini mmeuchagua. Katika jamii yetu ya Minnesota ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtu anayefanya kazi hospitalini au katika makao ya wazee, na wewe mwenyewe unaifahamu kazi hiyo. Lakini uuguzi ndiyo kozi ninayowaomba msiipeleke Kanada. Kwanza, serikali ya Marekani ina masharti makali ya pekee kwa shule za uuguzi za nje, na vyuo vingi vya Kanada vinaeleza waziwazi kwamba mwanafunzi wa uuguzi hapati mkopo wa moja kwa moja. Pili, nafasi za uuguzi huko ni chache na mara nyingi hutengwa kwa wakaazi wa jimbo. Tatu, mtihani wa leseni ni uleule wa NCLEX, ambao Kanada iliuanza mwaka 2015, lakini aliyesomea nje anaporudi Marekani hupitia tathmini ya vyeti ambayo jirani yake aliyesomea Minneapolis haijui. Kama moyo wa binti uko kwenye uuguzi, vyuo vya jamii vya Minnesota vinampa ngazi ya kupanda hatua kwa hatua akiwa anafanya kazi, na hospitali kadhaa husaidia kulipa karo ya wafanyakazi wao. Baiolojia ni habari nyingine. Shahada ya sayansi kutoka Winnipeg inatambulika vizuri anapoomba masomo ya juu, mradi tu achukue shahada ya miaka minne. Chuo Kikuu cha Manitoba kina shahada ya jumla ya miaka mitatu ambayo inavutia kwa bei, nami nimeona vyuo vya Marekani vikiitilia shaka mwombaji anapotaka kuingia shahada ya pili. Na kwa anayewaza udaktari, shule nyingi za tiba za Marekani huuliza ni masomo mangapi yamesomwa katika chuo cha Marekani au Kanada, na Kanada inakubalika katika sehemu nyingi kuliko nchi nyingine za nje.

Kuna jambo moja ambalo hamkuliuliza, na huenda likamaliza mjadala wote. Minnesota ilianzisha mwaka 2024 mpango unaoitwa North Star Promise, ambao hulipia karo yote inayosalia katika vyuo vya umma vya jimbo kwa mwanafunzi ambaye mapato ya familia yake hayafiki dola 80,000. Mmesema mnaingiza 88,000. Lakini mume wako ana lori lake mwenyewe, na nina shaka kama 88,000 ni pesa inayoingia au ni pesa inayobaki baada ya dizeli, matairi, bima na marekebisho. Kinachotazamwa ni mapato yaliyorekebishwa yaliyoandikwa katika fomu ya kodi. Chukueni fomu ya 1040 ya mwaka 2024, maana ndiyo inayotumika katika FAFSA ya mwaka wa masomo wa 2026 na 2027, na msome mstari wa 11. Mstari huo ukisomeka 79,000, basi karo ya binti katika chuo cha umma cha Minnesota ni sifuri, na hakuna chuo kikuu cha Kanada, hata kile cha karo ya mwenyeji, kinachoweza kushindana na sifuri pamoja na chumba chake mwenyewe nyumbani. Ukisomeka 84,000, Manitoba inarudi mezani kwa heshima zake zote.

Tuseme basi imerudi, na binti amekubaliwa kusoma baiolojia. Maombi yenyewe ni mepesi kuliko ya Marekani: mnaomba moja kwa moja kwa chuo, kinatazama hasa alama za shule ya upili, na kwa kawaida hakitaki insha ndefu ya kusimulia maisha. Kinachohitaji uangalifu ni kibali cha masomo. Tangu Januari 2024, mwombaji wa shahada ya kwanza anahitaji, pamoja na barua ya kukubaliwa, barua ya uthibitisho ya jimbo, ambayo chuo ndicho kinachomsaidia kuipata. Idadi ya barua hizo ina kikomo, kwa hiyo iulizieni mara tu anapokubaliwa. Anahitaji pia kuonyesha kwamba ana karo ya mwaka wa kwanza na, kwa walio nje ya Quebec tangu Septemba 1, 2025, dola 22,895 za Kanada za kujikimu. Taarifa za benki yenu ya Minnesota zinafaa. Kama mtaamua kuziweka katika benki ya Kanada, kumbukeni kwamba raia wa Marekani mwenye zaidi ya dola 10,000 za Marekani katika akaunti za nje lazima aitaarifu wizara ya fedha kila mwaka kwa fomu inayoitwa FBAR. Haina kodi ndani yake, lakini adhabu ya kuisahau ni kubwa.

Akishafika ataruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo hadi saa 24 kwa wiki wakati wa mihula. Hizo ni pesa za chakula na simu. Msiziweke katika hesabu ya karo, hasa mwaka wa kwanza.

Raia wa Marekani ana ahueni moja kubwa hapa: hahitaji viza, na anaweza kuomba kibali chake palepale mpakani, kwa ada ya dola 150 za Kanada. Ninyi wazazi mkimsindikiza, kila mmoja abebe pasipoti, na aliye na kadi ya kijani abebe pasipoti ya Kenya pamoja na kadi hiyo. Mtavuka Pembina na kuingia Emerson upande wa Manitoba. Fikeni mchana wa siku ya kazi, msifike usiku wa manane mkiwa mmechoka. Folda ya binti iwe na barua ya kukubaliwa, barua ya uthibitisho ya jimbo, risiti ya karo au ya malipo ya awali, taarifa za benki za miezi kadhaa, na barua fupi yenu wazazi inayosema mnamlipia, ikiwa na sahihi. Kila kitu kiwe kimechapishwa kwenye karatasi, maana afisa hatapokea simu yako ili asome kwenye kioo kilichopasuka. Mwacheni binti ajibu maswali mwenyewe. Kibali kitakapotolewa, asimame hapohapo kwenye kaunta asome tahajia ya jina lake, tarehe ya kuzaliwa, na tarehe ya mwisho ya kibali, ambayo haitapita tarehe ya mwisho ya pasipoti yake. Kosa likionekana kabla hajaondoka dirishani, afisa analirekebisha, na likionekana akiwa tayari bwenini, huwa ni barua na kusubiri.